Zama Zetu Zilikuwa Njema: Ni Sifa au Ni Deni?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Wasomaji wetu wa kila mara wajua kwamba darasa letu la baada ya Magharibi halikosi maswali. Mwezi uliopita, tulipokuwa tukisoma mlango wa haki za jirani, tulikiweka kitabu kando kidogo tukasimulia utoto wetu wa Mathare. Tulisema kama wasemavyo watu wa umri wetu: kwamba zama zile watu walikuwa watu, mtoto alikuwa wa wote, milango haikufungwa, na chungu cha nyumba moja kilishibisha nyumba tatu. Wazee waliokuwapo wakafurahi, na mmoja wao akasema, "Kweli, Sheikh, dunia imeharibika." Ndipo kijana mmoja, ambaye naye amezaliwa Mathare na hata leo akaa huko, akanyosha mkono akauliza: "Sheikh, ikiwa wema ulikuwa wa zama zile, sisi tuliozaliwa baada yake tumekosa nini? Na tufanye nini, maana kurudi nyuma hakuwezekani?"

Tulimjibu haraka haraka kwamba asubiri na ashike dini yake. Jibu hilo si la uongo, lakini halikuwa jibu la swali lake, naye kwa adabu yake hakutuambia hivyo. Tulikwenda nyumbani usiku ule hatuna raha. Twaandika hapa ili tumlipe jibu alilostahiki, na ili ndugu zetu wengine wanaopenda kuzilia zama zilizopita wajipime pamoja nasi.

Kwanza hatuna budi kueleza tuliyoyasimulia, kwa kuwa hatutaki msomaji adhani tulikuwa tukibuni.

Tulizaliwa mwaka 1982 katika hospitali ya wazazi ya Pumwani, kama watoto wengi wa upande ule wa mji wa Nairobi, tukalelewa Mathare, katika bonde lililo kati ya Juja Road na Thika Road, ambalo mto wapita chini yake. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha mbao na mabati, kimegawanywa kwa pazia. Alfajiri tulivuka Juja Road na juzuu zetu mkononi, tukaenda chuoni Eastleigh, ambako mwalimu alikuwa na henzirani yake, na kila mmoja wetu akijua kama siku hiyo ataionja au ataepukana nayo. Jioni tulicheza mpira wa majuala yaliyosokotwa na kufungwa kwa kamba. Mwaka 1987 Bwana Bob Munro, mtu wa Kanada, pamoja na vijana wa huko, walianzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kinachojulikana kwa jina la MYSA. Tangu hapo mpira wetu ukapata ligi na marefa, na timu iliyotoka kuzoa taka na kusafisha mitaro ilihesabiwa pointi juu ya zile ilizozipata uwanjani. Katika chama hicho ikatoka Mathare United mwaka 1994, nayo mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Siku hiyo sisi tulikuwa mbali, tena watu wazima wenye vilemba, lakini hatuoni haya kusema kwamba tulifurahi kama watoto.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipika uji na viazi, na kabla sisi hatujafuturu alitutuma na bakuli kwa jirani. Jirani huyo hakuwa Mwislamu. Ilipofika Krismasi, sahani ya chapati ilitoka kwake ikaja kwetu, imefunikwa kitambaa safi. Bakuli na sahani hizo hazikurudi hata siku moja zikiwa tupu.

Hayo yote ni kweli, wala hatuyaondoi. Lakini shahidi aliyeona upande mmoja wa jambo hatakiwi kuapa kwa pande zote mbili. Katika darasa lile hatukusema kwamba maji ya Mathare yalinunuliwa kwa mtungi. Mtoto aliyetumwa maji aliukuta mstari mrefu wa mitungi, akauacha mtungi wake umshikie nafasi, akaenda kucheza bano. Kwa hivyo yeye akumbuka bano. Mama yake akumbuka bei ya mtungi, na siku ambazo bomba lilikauka akarudi mikono mitupu. Hatukutaja choo kimoja kilichotumiwa na nyumba nyingi, wala khofu ya mwanamke aliyetaka kwenda huko usiku. Hatukuwataja waliofilisiwa na chang'aa iliyopikwa kingoni mwa mto, wala watoto wenzetu waliougua tumbo wakafa, nao walikuwa wakicheza nasi wiki iliyotangulia. Sisi tuliopona ndio tunaokaa barazani kusimulia. Wale hawana nafasi barazani.

Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, yatupa khabari ya Bani Israil walipokuwa jangwani. Mola wao aliwateremshia chakula bila ya jasho lao, wakakichoka, wakamtaka Nabii Musa awaombee mboga na matango, adesi na vitunguu. Wafasiri wameeleza kwamba walivikumbuka vyakula walivyovizoea Misri. Ewe ndugu, hebu tazama. Misri hiyo ndiyo waliyotumikishwa, na ndiyo waliyochinjiwa watoto wao wa kiume. Harufu ya kitunguu iliwabakia, na mjeledi wa Firauni wakausahau. Tulikuwa tukiisoma khabari hii kwa miaka mingi tukiwastaajabia watu wale, wala hatukuwahi kujiuliza vitunguu vyetu sisi ni vipi.

Basi kwa nini moyo wa mtu huyapamba yaliyopita? Sisi twaona sababu tatu, na kila moja ni nzito kuliko iliyo kabla yake.

Sababu ya kwanza ni kwamba mtoto hachukui mzigo wa nyumba. Mzigo upo, lakini uko juu ya kichwa cha mtu mwingine, naye mtoto huona ya kuwa dunia ni nyepesi. Akikua, mzigo humfikia, akadhani dunia imebadilika. Kumbe kilichobadilika ni kichwa kilichoubeba.

Sababu ya pili ni uvivu. Mtu akisema wema umepita pamoja na zama zake, amejiondolea wajibu. Nani atamdai leo kitu ambacho yeye amekwisha kukizika? Humlaumu wakati, na wakati hauna ulimi wa kujitetea. Nasi tumekatazwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kuutukana wakati, kwa kuwa wakati haufanyi jambo kwa nguvu zake. Mambo yote yamo katika mikono ya Mwenyezi Mungu, na matendo ya waja huandikwa kwa majina ya waja.

Sababu ya tatu ndiyo mbaya zaidi, nayo ni kiburi kilichovaa nguo ya unyenyekevu. Aliyetoka Mathare akapata nyumba ya mawe hupenda kusema mbele za watu, "Sisi tumetoka Mathare." Huonekana kama asemaye udogo wake, na huku moyoni ataka wasikilizaji wapime umbali aliopanda. Umasikini wa jana umekuwa pambo lake la leo. Na akizidi kuusifu utamu wa maisha yale, huwapa udhuru wale wenye mamlaka na wenye nyumba za kupangisha: kama watoto walicheka vizuri namna ile bila ya maji na bila ya mitaro, ya nini kusumbuka kuwapa? Umasikini wa Mathare haukuwa na utamu hata kidogo. Waliokuwa na utamu ni watu, na yapasa watu watajwe wao, umasikini usipewe sifa zao.

Sisi wa darasa hili twajinasibisha na islahi. Twawaambia watu kwamba kauli ya "tuliwakuta wazee wetu wakifanya hivi" si dalili katika dini, na kwamba kila jambo lipimwe kwa Kitabu na Sunna. Maneno hayo twayasema kwa sauti kubwa yanapohusu mila za wengine. Lakini twakaa barazani tukasema "zamani ilikuwa hivi, basi ni njema," na hatumtaki mtu dalili. Hiyo nayo ni taqlidi. Tofauti ni kwamba badala ya kuwafuata wazee, twafuata utoto wetu wenyewe.

Wala sisi si wa kwanza. Kabla ya Mathare kujaa palikuwa na Pangani, kijiji cha Waafrika wa Nairobi ambamo Waislamu walikuwa wengi. Serikali ya kikoloni ilikivunja mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wakaaji wake wakahamia Pumwani na Shauri Moyo. Mathare yenyewe ilikuwa machimbo ya mawe kabla ya kuwa makao ya watu wengi, na katika siku za Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, nyumba zake zilibomolewa na watu wake wakafukuzwa kwa kuwa serikali iliwashuku kuwaficha wapiganaji wa Mau Mau. Kila kizazi cha mji huu kina kijiji chake kilichovunjwa. Lakini waliohamia Pumwani hawakukaa wakailia Pangani peke yake. Walisali, walisomesha, walizikana na kuozana, hata sisi tuliokuja miaka mingi baadaye tukakuta huko walimu na wazee wa kutuongoza. Lau wangalisema kwamba wema umebaki chini ya vifusi vya Pangani, tungalikuta nini?

Sasa twafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tushike kalamu, nalo ni aibu yetu wenyewe.

Mwaka 1997, kuanzia mwezi wa Oktoba, zilinyesha zile mvua kubwa zilizoitwa El Niño. Sisi tulikuwa na umri wa miaka 15. Nyumba yetu ilikuwa upande wa chini, karibu na mto. Usiku mmoja maji yaliingia ndani yakafika kwenye godoro. Jirani yetu yule wa sahani ya chapati alikuwa akikaa juu kidogo, naye akaja na taa, akatuchukua sote, tukalala kwake kwa majuma matatu, watu tisa katika chumba kimoja. Usiku ule umebaki moyoni mwetu kama sikukuu. Twakumbuka kicheko cha watoto waliobanana chini ya blanketi moja, mvua ikipiga mabati, na harufu ya chai ya tangawizi. Mara ngapi tumeusimulia usiku huo katika mawaidha! Tulikuwa tukisema, "Hivyo ndivyo watu walivyokuwa zamani."

Baadaye tukaenda pwani kusoma elimu kwa masheikh, tukarudi Nairobi tukapata kazi ya kusomesha, tukaoa, tukahamia South C. Mwenyezi Mungu ametupa nyumba yenye nafasi. Mna chumba kizima ambacho halali mtu, kina vitabu vyetu tu, na katika vitabu hivyo milango ya haki za jirani ni mingi, na mingine tumeiandikia maelezo pembeni kwa mkono wetu.

Mwezi wa Aprili 2024 mto wa Mathare ulifurika tena usiku, watu wakafa, na wengine wakapanda juu ya mabati kuokoa roho zao. Mwezi wa Mei serikali ikaamuru waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na matingatinga yakaingia kubomoa. Sisi tulifanya nini? Tulitoa khutba ya Ijumaa juu ya subira. Tulitia fedha kidogo katika mchango wa msikiti. Tulituma maneno ya pole kwa simu kwa watu wawili watatu tuliokuwa na nambari zao. Kisha tukalala, na chumba cha vitabu kikalala kitupu kama ilivyo desturi yake.

Haikutupitia akilini kuuliza jirani yetu yule yuko wapi. Tulimwacha katika mwaka 1997, amesimama mlangoni na taa yake, kana kwamba mtu tunayemkumbuka haendelei kuishi wala kuzeeka wala kulipa kodi. Mwaka mzima na zaidi ukapita. Ni baada ya swali la kijana yule darasani ndipo tulipouliza, na aliyetupeleka ni kijana yeye yule.

Tulimkuta Huruma, amepanga chumba pamoja na binti yake. Watoto wa ploti wamwita Shosho. Alitueleza kwamba kodi ilipopanda alishuka kwenye nyumba ya bei ndogo chini, karibu na maji, na nyumba hiyo ndiyo iliyochukuliwa na mafuriko, na kilichobaki kikabomolewa. Alitupokea kwa furaha, akaagiza chai, akauliza khabari za watoto wetu. Nasi, kwa kutojua la kusema, tukaanza kumkumbusha usiku ule wa mvua na kicheko chake. Alisikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema:

"Wewe na wanangu mlilala, mwanangu. Mlikoroma. Mimi na mama yako tulisimama mlangoni mpaka asubuhi. Tulichomeka kijiti kwenye matope, na kila baada ya muda tunatoka na taa tuone kama maji yamekipita. Mama yako alilia sana. Akaniambia, usiwaambie watoto."

Tuliyasikia maneno haya tukiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, na mama yetu yumo kaburini. Katika miaka yote ile hatukujua kwamba alilia. Sikukuu yetu ilikuwa ni kesha lao. Sisi tulikuwa na usingizi mtamu kwa sababu wanawake wawili, mmoja Mwislamu na mmoja si Mwislamu, waliamua kukinyima macho yao usingizi na kuificha khofu yao. Nasi tukauchukua utamu ule tukaupa zama, tukasema "zamani ilikuwa njema," kama mtu aliyepewa chakula akaishukuru sahani.

Tulimwomba radhi kwa kutokuja wakati wa mafuriko. Akasema, "Ulikuwa mbali." Ni neno la ukarimu, lakini sisi twajua kwamba kutoka South C hadi Mathare, barabara ikiwa wazi, si mwendo wa saa moja.

Njiani tukirudi, tulimwuliza kijana alikuwa wapi usiku ule wa Aprili. Akajibu kwa ufupi, kama asemaye jambo la kawaida, kwamba yeye na wenziwe walikuwa majini mpaka alfajiri wakibeba watoto na wazee migongoni kuwapeleka juu, na kwamba nyumba yao iliwalaza watu kumi na mmoja. Hapo tukaona jinsi swali lake lilivyokuwa zito na jibu letu lilivyokuwa jepesi. Zile zama njema tulizokuwa tukimsimulia zilikuwapo Mathare usiku ule wa 2024, yeye akiwa ndani yake mpaka kifuani. Sisi ndio hatukuwapo.

Huenda msomaji akasema: "Je, mwatukataza kukumbuka? Mtu hana ruhusa hata ya kupenda alipolelewa?" Hasha. Masahaba walipohamia Madina wakapatwa na homa, Bilal, Mwenyezi Mungu amridhie, aliilia Makka kwa mashairi, akataja bonde lake na majani yake. Na Makka hiyo ndiyo aliyolazwa juu ya mchanga wa moto na kuwekewa jiwe kifuani! Mtume hakumkemea. Alimwomba Mola wake aifanye Madina ipendeze kwao kama Makka au zaidi yake. Mafunzo yaliyomo humo ni makubwa: shauku ya pale walipotoka iliachwa iwe, kisha ikaelekezwa kwenye mji waliomo, wakaujenga.

Na mfano ulio wazi kuliko wote ni wa Bi Khadija, Mwenyezi Mungu amridhie. Alipokuwa amekwisha kufariki, Mtume hakuacha kumtaja, na Bi Aisha alikuwa akimwonea wivu kwa hilo ingawa hakupata kumwona. Lakini tazama alivyomkumbuka. Alikuwa akichinja mbuzi, akamkata vipande, akawapelekea marafiki wa Khadija. Kumbukumbu yake ilikuwa na uzito wa kubebwa mkononi, na ilibisha hodi katika milango ya watu waliokuwa hai. Huo ndio uzuri wa kutunza ahadi, nao ni katika imani. Sisi kumbukumbu yetu haijawahi kubisha hodi mlango wowote. Imekaa barazani ikinywa kahawa.

Wengine watasema kwamba mji umekua, watu wamezidi, na ujirani wa zamani hauwezekani tena. Ni kweli mji umekua. Hesabu ya watu ya mwaka 1989 ilikuta Nairobi watu 1,324,570, na ya mwaka 2019 ikakuta 4,397,073. Wilaya ndogo ya Mathare peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 200,000 katika kilomita za mraba zipatazo 3. Lakini hesabu hizo zasema kwamba majirani wameongezeka. Aliyelalamika kwamba hapati wa kumfanyia wema, hesabu hii yamtolea ushahidi kinyume. Na mtu asidhani kwamba haki hii ni ya Waislamu peke yao, kwani wanavyuoni wetu wameeleza wazi kwamba jirani asiye Mwislamu naye ana haki ya ujirani, nasi tumekwisha kueleza ni nani aliyetulaza siku ya maji.

Basi, ewe kijana wetu, jibu lako ni hili. Ulituuliza ninyi mmekosa nini. Zama hazikuwanyima kitu, kwa kuwa zama hazina cha kutoa. Mlango uliofunguliwa mwaka 1997 ulifunguliwa kwa mkono, na mikono ingalipo. Mmekosa kitu kimoja tu, nacho ni sisi. Sisi tuliolelewa na wote tulipokuwa wadogo, tulipopata riziki na elimu tuliondoka navyo. Mama zetu walikesha ili sisi tulale, na zamu ya kukesha ilipotufikia tukasema kwamba siku hizi watu hawakeshi. Kisha tukaja darasani kuwasimulia ninyi, mnaokesha, jinsi zamani watu walivyokuwa wema. Kwa hilo twakuomba radhi mbele ya wasomaji wote.

Ama swali lako la pili, la tufanye nini, tumelizungumza darasani Alhamisi iliyopita, na tumekubaliana mambo matatu. La kwanza, kila mmoja wetu aandike majina ya waliomlea wasiokuwa wazazi wake, na mbele ya kila jina aandike alichofanyiwa. Kisha awatafute walio hai awazuru kabla ya Ramadhani, na asiende mikono mitupu. Waliokufa, atazame wameacha nani. La pili, kabla ya masika kuingia, darasa liwe na orodha ya nyumba zilizo karibu na mto na orodha ya nyumba zetu zenye nafasi, ili maji yakija asiwepo mtu wa kuuliza wapi pa kulala. Katika orodha ya pili jina letu ni la kwanza, na vitabu tumevihamishia ukumbini. La tatu, anayesimulia utoto wake mbele ya vijana aseme na nani alikesha, nani alilia, na nani hakupona. Akishindwa kuyasema hayo, bora anyamaze.

Shosho tulimwomba ahamie katika chumba kile. Alicheka, akasema South C ni mbali na watu wake. Tukamwuliza basi atakacho ni nini. Alifikiri kidogo, akasema kwamba kodi ya chumba kile ni nzito kwa binti yake, na kwamba angefurahi kuwaona watoto wetu, kwa sababu ataka ajue ni yupi amefanana na mama yetu. Kodi twailipa, na hilo hatulitaji kwa kujisifu, maana mwenye kulipa deni baada ya miaka karibu 30 hana la kujisifu. Watoto tumewapeleka Jumapili iliyopita. Amemchagua wa mwisho, akasema macho ni yale yale.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokesha kwa ajili yetu, awajaze kheri walio hai miongoni mwao, na atupe macho ya kukesha itakapofika zamu yetu. Na taufiki yatoka Kwake peke Yake.